Pasi Sita na Jembe Moja

Wapenzi wasomaji, simameni. Wenye kofia wavue. Mimi Tabita binti Damiano, mwanafunzi wa bweni na mshindi wa pili wa usafi wa viatu, ninayo heshima kubwa kuwatangazia mapenzi makubwa kuliko yote yaliyopata kutokea katika nyanda za Mbozi tangu mbuni wa kwanza ulipopandwa. Mapenzi hayo yalipita angani juu ya waya, yakateremka mpaka kwenye maporomoko ya maji, yakaitetemesha misheni nzima. Na siku yalipofikia kilele chake, yalianza asubuhi na kaptula ya Daktari.

Kaptula ilikuwa haijakauka.

"Lusubilo baba," Mama alisema kwenye simu, "umeamka salama? Umeamka, nasikia. Naweka pasi mbili, kaptula za Daktari ni nzito leo. Manyunyu yamefika huko? Yamefika, nasikia yanapiga bati."

"Ndiyo, Mama," ilijibu sauti ya kiume upande wa pili. "Nafungua maji. Weka."

Mama akaweka moja, akangoja, akaweka ya pili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kila asubuhi, nami nikiwa likizo ya Krismasi niliyasikia mpaka nikaweza kuyakariri.

Niwaeleze mtambo, maana bila mtambo hakuna mapenzi. Chini ya misheni yetu, upande wa kuelekea Itaka, mto unaanguka kutoka kwenye jabali. Pale Bwana Fundi, Mzungu mwembamba wa misheni, alijenga nyumba ya bati, akayaingiza maji kwenye bomba nene, maji yakazungusha mtambo, mtambo ukatoa umeme. Mwaka wa kwanza tulipata taa chache za hospitali. Mwaka wa pili zikaja taa za kanisa. Kisha zikaja pasi sita za hospitali, na hapo taabu ikaanza, kwa sababu umeme wa maji hauwekwi kwenye debe ukangoja kesho. Unaopikwa ndio unaoliwa, papo hapo. Ni kama kupikia ugali watu wanaoingia na kutoka. Wakizidi, sufuria haitoshi, na taa zinafifia mpaka zinakuwa nyekundu kama makaa. Wakiondoka ghafla, nguvu inakosa pa kwenda, inajitupa kwenye taa na kuziunguza.

Kwa hiyo lazima awepo mtu kwenye mlango wa maji, mkono kwenye usukani wa chuma, macho kwenye mshale wa kipimo. Pasi zikiongezeka, anafungua. Zikipungua, anafunga. Tena lazima ajulishwe kabla, maana maji yaliyo ndani ya bomba hayageuki haraka kama moyo wa msichana. Hayo ya moyo wa msichana niliyasikia bwenini, siyo yangu.

Mtu wa usukani alikuwa Lusubilo. Mtu wa kumjulisha alikuwa mama yangu, Mama Kefa, mkuu wa chumba cha pasi. Kati yao palikuwa na simu mbili za kukoroga zilizobaki kutoka vitani. Na palikuwa na amri ya Bwana Fundi: Lusubilo asiguse usukani kwa neno la mtu mwingine yeyote isipokuwa Mama Kefa. Amri hiyo ilitolewa likizo iliyotangulia, baada ya mwanafunzi mmoja wa bweni kupiga simu na kusema pasi zote zinawashwa, wakati hakukuwa na pasi hata moja inayowashwa. Taa za kanisa ziliungua karibu zote. Jina la mwanafunzi huyo halina faida kwa msomaji.

Sasa mapenzi yenyewe. Dada yangu Nesta alikuwa nesi msaidizi. Lusubilo alikuwa akipanda kila Jumapili jioni kukagua taa za wodi, na kwa mwaka mzima alikagua taa ileile moja, iliyoning'inia juu ya meza ya Nesta, taa nzima isiyo na kosa lolote. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mikono yake mikubwa ikinukia grisi, Mnyiha wa hapahapa Mbozi. Sisi ni Wanamwanga, tuliopanda kutoka Msangano Baba alipopata kazi ya useremala. Lusubilo aliposimama juu ya kiti kuikagua taa, Nesta alimshikia kiti. Kiti kilikuwa na miguu minne imara, kilitengenezwa na Baba mwenyewe, hakijawahi kuyumba. Lakini alikishika. Wakatazamana, mmoja juu, mmoja chini, kwa muda ambao mtu anaweza kumenya viazi vya familia nzima. Niliyaona haya kwa macho yangu, nikiwa nimelala wodini na malaria ya uongo.

Mshenga, Mzee Osea, alikuwa amekuja mara kadhaa. Kila mara Mama alimjibu, "Tutafikiri." Nesta akaanza kukonda. Ndipo Jumamosi ile ya kaptula mbichi, kabla watu hawajaamka vizuri, Mzee Osea akaja na jembe jipya, akaliegemeza ukutani, nje ya mlango wetu.

Kwa ukoo wetu jembe hilo linasema yote. Mshenga akirudi jua linapozama na kulikuta nje, atalichukua aende zake bila ugomvi, uchumba umekataliwa. Akilikuta ndani, mkwe amepokelewa. Na tangu dakika jembe linapoingia ndani, mkwe na mama mkwe hawasemezani tena, wala hawatazamani usoni, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na wazee wawafungulie.

Nesta alipita chumba cha pasi kabla ya kuingia kazini. Mama alimpa ncha ya shuka wakunje pamoja.

"Mama, jembe liko nje."

"Nimeliona. Nina macho."

"Litaingia?"

"Vuta upande wako, shuka inaburuzika."

Nesta akavuta. "Ana kosa gani?"

"Nani kasema ana kosa?"

"Ni kwa sababu ni Mnyiha?"

"Shangazi yako Aida kaolewa na Mbemba, tukala arusi ile mpaka tukaumwa matumbo. Vuta."

"Ni kwa sababu hana kitu?"

"Ana mshahara na ana mibuni. Nesta, unavuta au unaniuliza maswali?"

"Vyote viwili," alisema dada yangu. "Niambie tu, Mama. Nikijua kosa lake nitajua nimsahau kwa lipi."

Mama akaiachia shuka. Ikaanguka mezani. Akapangusa mikono kwenye kanga yake ingawa haikuwa na maji.

"Wewe ukimpata, mimi nampoteza," alisema.

Nesta hakuelewa. Hata mimi, niliyekuwa chini ya meza natafuta kifungo cha Daktari, sikuelewa.

"Kaka yako Kefa alikwenda migodini kule kwa Wabemba, akasema anarudi baada ya masika," Mama aliendelea. "Masika mangapi yamepita? Asubuhi nikikoroga simu hii, kuna kijana upande wa pili ananiambia 'Ndiyo, Mama.' Namweleza habari za mgongo wangu. Anaujua mgongo wangu kuliko baba yako. Jembe likiingia, basi, nimenyamazishwa. Na pasi je? Nani atamwambia habari za pasi? Taa zikiungua, Bwana Fundi ataleta mtu wa Mbeya, wewe utakuwa na mume asiye na kazi, na mimi nitakorogea simu mgeni."

"Kwa hiyo unaninyima mchumba kwa sababu unampenda."

"Ndiyo," Mama alijibu, kisha akasimama kama mtu aliyeshtushwa na maneno yake mwenyewe.

Nesta alicheka kidogo, akalia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya shuka, shuka ikabidi ipigwe pasi tena. Alikuwa akingojwa. Mama mmoja alikuwa ameletwa kwa machela kutoka bondeni Momba, mtoto amekaa vibaya tumboni, Daktari anajaribu kumgeuza, asipogeuka ampasue. Mlangoni dada yangu aligeuka.

"Sitaliingiza jembe mimi, Mama, na sitakuchukia likibaki nje. Lakini sitaolewa na mwingine."

Akavuka ua kuelekea chumba cha upasuaji. Mama alimtazama mpaka mlango ulipofungwa. Mchana nguo za upasuaji zilirundikana, Mama akapiga simu na kuwasha pasi zote sita, akapiga pasi kama anayemwadhibu mtu.

Wakati huohuo, mabibi na mabwana, baba yangu Damiano, fundi seremala, mtu mpole asiyeudhi hata sisimizi, alitoka karakana kwenda nyumbani kunywa uji. Manyunyu yalikuwa yananyesha.

Tulipata habari kutoka kwa Shangazi Aida. Yeye anafanya biashara Tunduma, anavuka mpaka kama sisi tunavyovuka ua, na siku hiyo lori la chumvi lilimshusha barabarani, akaja na kitenge kilicholowa na sauti isiyolowa. Aliingia chumba cha pasi akatutazama wote: Mama, Ferista na Marta waliokuwa wakipiga pasi naye, na mimi.

"Vigelegele viko wapi?" aliuliza.

"Vigelegele vya nini, wifi?"

"Vya mkwe. Nimepita nyumbani, jembe limo ndani. Liko nyuma ya mlango, tena limepakwa mafuta."

Pasi ya Mama ilisimama juu ya koti la Daktari. Marta ndiye aliyeliokoa koti.

Baba akaitwa. Alikuja na penseli sikioni.

"Lilikuwa linanyeshewa," alisema. "Jembe jipya, Mama Kefa. Chuma kizuri namna ile hakiachwi manyunyuni."

"Kaka," alisema Shangazi Aida, "umemwozesha binti yako kwa kuogopa kutu."

Baba akaitoa penseli, akaitazama, akairudisha. "Nikalitoe?"

"Unaweza. Jua halijazama. Lakini ujue, lililoingia likitolewa haliingii tena. Hapo umemkataa yule kijana kwa mikono yako. Na kwa sasa, maadamu limo ndani, yeye ni mkwe." Akamgeukia Mama. "Sitaki kukusikia kwenye hicho kidude."

Mama alitazama simu. Akatazama pasi sita zilizokuwa moto. Akatazama dirisha la chumba cha upasuaji ng'ambo ya ua, ambako taa kubwa ilikuwa ikiwaka sawasawa, na chini yake kivuli cha Nesta kimeinama. Pasi zikizimwa bila Lusubilo kujua, taa ile itaungua na Daktari yuko katikati ya kazi. Na Lusubilo hawezi kujua bila kuambiwa.

Njia rahisi ilikuwepo, na sote tuliiona. Alitoe jembe nje, aongee kwenye simu, yaishe.

Mama aliweka pasi chini, akajitanda kanga, akatoka. Tukamwona anavuka ua kuelekea nyumbani, hatua za mtu mwenye shauri. Katikati ya ua akapunguza mwendo. Mbele ya dirisha la upasuaji akasimama, manyunyu yakimlowesha. Kisha akarudi.

"Leteni nguo," alisema.

"Zimekwisha, Mama Kefa," Ferista alisema.

"Leteni nyingine. Pasi haikai bure, itajichoma."

Ndivyo ulivyoanza mchana ambao misheni yetu haijawahi kunyooka namna ile. Tulipiga pasi mashuka yaliyokwisha kupigwa. Tulipiga pasi kanzu za kwaya, mapazia ya ofisi, vyandarua, mataulo. Tulimvua Baba aproni. Tulimvua Shangazi Aida kitenge chake, akabaki amejifunga shuka ya wodi ya wanaume, akilalamika kwa Kibemba. Mchungaji aliyepita kuuliza harufu ni ya nini aliondoka bila koti. Marta, ambaye si mtu wa kushindwa, nilimkuta anapiga pasi gunia.

Katikati ya hayo simu ikalia. Hakuna aliyesogea. Ferista akaishika kama mtu anayeshika kuku wa jirani.

"Halo?"

"Mama Kefa?" Sauti ya Lusubilo ilisikika chumba kizima, simu zile za vita zina kelele.

Mama akachukua foronya mbili akajiziba masikio.

"Mama Kefa yupo," alisema Ferista, "ila hawezi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ana foronya masikioni."

Tulisikia maji yakinguruma upande ule. Mwishowe akasema polepole, "Pasi zimekaa muda mrefu leo, naye hasemi kitu. Kama nimemkosea, naomba aniambie. Kama jembe nililolituma..."

"Sisi tunataka kuzima pasi, kaka. Nguo hakuna."

"Dada, bila Mama Kefa siwezi kugusa usukani. Ni amri. Na juu kuna mgonjwa mezani, nimeambiwa. Nikikosea, giza linamwangukia yeye. Na Nesta."

Jina lile la mwisho alilisema kwa namna ambayo hata Ferista, mwenye watoto watano na asiye na subira na upuuzi, alilamba midomo na kutazama sakafu. Akairudisha simu pake. Mama alikuwa amezibana foronya kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi, lakini nadhani alisikia.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Vwawa, lenye rangi ya chai. Mbao za meza zilikuwa zinanuka kuungua. Mzee Osea alikuwa tayari njiani, mzee yule hachelewi kamwe kunapokuwa na dalili ya chakula.

Ndipo nikasimama.

Lazima mjue kwamba bwenini nina kipaji kimoja kinachojulikana. Taa zikizimwa, wasichana huniomba niwe Bibi Mkuu wa shule, nami huwa Bibi Mkuu mpaka wengine wanapiga magoti. Sauti ya Mama ni rahisi zaidi. Ni ya puani kidogo, yenye Kinamwanga chini yake, inapanda mwisho wa kila neno. Nikakoroga simu.

"Tabita," Shangazi alinionya.

"Lusubilo baba," nilisema kwa sauti ya mama yangu. "Napunguza pasi mbili."

Maji yakanguruma. Ferista akashika kifua.

"Ndiyo, Mama," alisema hatimaye. "Mkono uko kwenye usukani. Chomoa."

Marta akanyoosha mkono kwenye waya, lakini Mama alimpiga kofi mkononi. Alijifunga foronya kichwani kama mtu mwenye jino bovu, akaenda mwenyewe ukutani. Akachomoa ya kwanza, akangoja, akachomoa ya pili. Sote tukageukia dirisha la ng'ambo. Taa ikapanda kidogo, kama nyusi za mtu aliyeshangaa, kisha ikatulia.

Mtu mwenye akili angeendelea hivyo hivyo mpaka pasi ziishe. Lakini nilikuwa na sauti ya Mama mdomoni, na mchumba wa dada yangu sikioni. Nani angejizuia?

"Na huyo binti yangu," nilisema, "unamtakia nini hasa?"

Shangazi Aida alifungua mdomo akaufunga. Alitaka kusikia.

"Mama," alisema Lusubilo, "kazi yangu ni kutazama mshale usitikisike. Natazama tangu asubuhi mpaka taa za wodi zinapozimwa. Nesta akipita njia ya mto, siuoni mshale. Bwana Fundi alishaniuliza mbona taa hufifia saa za kwenda kisimani. Nikamwambia ni majani yameziba bomba."

Marta akaguna kwa furaha. Mama alikuwa ukutani, mgongo kwetu, ametulia.

"Napunguza nyingine mbili," nilisema. Mama akachomoa moja, akangoja, akachomoa nyingine. Taa ikapanda, ikatulia. "Na utamweka wapi?"

"Nimejenga vyumba viwili juu ya mfereji. Bati nimemaliza. Nimeweka dirisha upande wa mlima, watu wakanicheka, upande ule unaleta baridi."

"La nini basi?"

"Linatazama chumba cha pasi." Alikohoa kidogo. "Nilisema, siku tutakaponyamaziana na mama yake, nitakuwa nikiona tu kama taa yake inawaka."

Foronya upande wa sikio la kushoto ilikuwa imeteremka. Mama hakuipandisha.

Kutoka ng'ambo ya ua, wakati huohuo, kikasikika kilio chembamba, kikali, cha mtu mdogo aliyekasirishwa na baridi. Shangazi Aida akapiga kigelegele kimoja akakikata katikati, akikumbuka heshima ya hospitali.

"Mtoto amezaliwa," nilisema kwenye simu, na nikasahau kuweka pua.

"Nimesikia. Mungu ashukuriwe." Kisha Lusubilo akasema taratibu, "Sasa mwambie hivi. Sikupata kulelewa na mama. Aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi kama nimeamka salama ni yeye peke yake. Lakini mwambie asiogope kunyamaza, maana hata akinyamaza namsikia. Ferista akiweka pasi, mshale unaanguka kama aliyejikwaa. Marta huzichomoa zote kwa pamoja, nusura nizimie. Yeye huweka moja, hungoja, huweka nyingine. Mkono wake naujua kwenye mshale hata asipokoroga simu. Siku mgongo ukimuuma, hungoja zaidi. Ananipigia simu kwa heshima tu, lakini usukani wangu hufuata mkono wake."

"Nimwambie nani?" niliuliza.

"Mama yako, Tabita."

Sikio langu likapata moto. Nyuma yangu Ferista alicheka mpaka akakalia kapu la nguo.

"Umejuaje?" nilisema, sasa kwa sauti yangu mwenyewe, ndogo.

"Mama Kefa hajawahi kuniuliza swali akangoja nijibu."

"Na mbona ulifunga maji? Amri je?"

"Niliona mshale. Ni yeye aliyekuwa akichomoa. Wewe sauti yako nilikuwa naistarehea tu."

Mama aligeuka. Foronya ilikuwa shingoni sasa. Hakutazama simu, alimtazama Shangazi Aida, na uso wake ulikuwa na kitu nilichokuwa sijakiona tangu barua za Kefa zilipokoma kuja.

"Wifi, kumsemesha ni kwa mdomo?"

"Kwa mdomo na kwa macho."

"Na kwa pasi?"

Shangazi Aida alifikiri sana, amesimama na shuka ya wodi ya wanaume kiunoni, kama jaji. "Kwa pasi," alisema, "wazee hawakusema kitu. Hawakuwa na pasi."

Zilibaki mbili ukutani. Mama akanipa ishara ya mkono: simu nishushe, nisiseme kitu. Akashika waya wa kwanza. Alifumba macho kidogo. Akachomoa. Akangoja, safari hii kwa muda mrefu kuliko zote, na najua kwa nini, alikuwa anamweleza habari za mgongo. Kisha akachomoa ya mwisho.

Sote tulikuwa dirishani, tumebanana. Taa kubwa ya upasuaji haikupanda hata kidogo. Ilikaa pale ilipo, nyeupe na tulivu, kana kwamba hakuna aliyegusa chochote.

Kwenye simu niliyoishika chini, sauti ndogo ikasema, "Nimemsikia."

Mama akakunja foronya mbili, akaziweka juu ya rundo. "Tabita," alisema kwa sauti ya juu zaidi ya lazima, "kamwambie baba yako alisogeze lile jembe mbali na mlango. Huko ndani mtu asije akajikwaa."

Sikwenda, maana Baba alikuwa amesimama dirishani kwa nje bila aproni, akatikisa kichwa kukubali, akaenda mwenyewe.

Nesta aliingia akifungua kamba za gauni la kazi, uso umechoka, nywele zimemlala kipajini. "Mtoto wa kike," alisema. "Mama yake mzima. Daktari anasema taa haijawahi kutulia namna hii." Akatuona tulivyosimama. Akamwona Shangazi na shuka yake. Macho yakaenda kwa Mama, nayo yakaogopa kuuliza. "Mzee Osea ameshapita?"

"Bado," alisema Mama. "Akija atalikuta ndani."

Nesta alisimama, mkono mdomoni. Mama akamwondolea nywele kipajini kwa kidole kimoja, kama anavyotoa uzi kwenye shuka, kisha akaichukua simu mkononi mwangu bila kuileta karibu na mdomo wake, akampa.

"Ni mimi," alisema Nesta.

Sikusikia alichojibiwa. Ilibidi nisogee, kwa sababu ya wajibu. Hata hivyo sikusikia, safari hii Lusubilo alikuwa akisema chini sana, kama mtu anayezungumza na mshale. Nesta aliegemeza paji la uso ukutani, hapo pembeni ya simu. "Ndiyo," alisema. Baadaye akasema tena, "Ndiyo." Na baadaye sana, "Dirisha limetazama huku? Na hiyo baridi?" Akacheka, na machozi yakamdondokea kwenye kola, naye hakuyapangusa.

Ferista na Marta walianza kugawa nguo za watu. Shangazi Aida alidai kitenge chake, akakuta kimenyooka kuliko siku alipokinunua, akasahau kulalamika. Kisha akanitazama.

"Wewe mwanafunzi. Unalia nini?"

"Silii, Shangazi. Ni mvuke wa pasi."

"Pasi zote zimezimwa."

Nikageuka. Pasi sita zilikuwa zimesimama mezani kwa mstari, nyaya zimening'inia ukutani, hakuna mvuke popote. Mama alikuwa ananitazama. Hata Nesta alikuwa amegeuza shingo, simu ingali sikioni, ananingojea.

Basi, mbele ya mashahidi hao, nikakiri. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia tangu pasi ya tatu.